Utengamao: goti limepona, paja je?

Nyumba hukarabatiwa, barabara hukarabatiwa. Siku hizi hata mchezaji aliyeumia goti utasikia anafanyiwa ukarabati, kana kwamba fundi atakuja na mwiko na saruji. Wizara ya Afya ya Tanzania ina neno jingine, utengamao, nami nalipendelea kwa sababu ya kitenzi chake. Kutengamaa ni kurudi katika hali ya utulivu na uzima, na kazi hiyo humwangukia mwenye mwili: mgonjwa hutengamaa, hatengamazwi na mtu.

Tofauti hiyo huonekana pajani. Chukua binti wa miaka 16 aliyechanika ile kano ya ndani ya goti ambayo watangazaji huiita ACL. Daktari wa upasuaji humwekea kano nyingine kwa saa chache tu, na hapo neno ukarabati silikatai. Msuli wa mbele ya paja, je? Goti likivimba, taarifa za neva zitokazo humo huzuia msuli huo usiamrishwe kikamilifu. Binti anajikakamua, paja limelegea vilevile, na nyumbani wanamwona mvivu. Ndani ya wiki chache mguu umesinyaa. Kuukanda kwa maji ya moto kutampa nafuu, nguvu hakuzirudishi. Nguvu hurudishwa na mzigo unaoongezwa kidogo kidogo: kukaza paja akiwa kitandani, kuchuchumaa nusu, kupanda ngazi, baadaye sana kuruka.

Ametengamaa lini? Kigezo kinachotumika sana ni mguu ulioumia kufikia walau asilimia 90 ya nguvu za mwenzake, na miezi isiyopungua 9 iwe imepita tangu upasuaji. Kipimo hiki kina hila yake. Mguu mzima nao ulikaa bila kucheza, ukadhoofu, kwa hiyo 90 hiyo yaweza kuwa ya kitu kilichokwisha kupungua. Na vijana, wenye haraka kuliko wote, ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya kuchanika tena.

Kocha akimuuliza, "Umepona?" binti atajibu ndiyo, wala hatakuwa amedanganya: kidonda kimefunga, maumivu yameisha. Mwambie aruke kwa mguu mmoja, umtazame anapotua. Goti linaingia ndani: bado hajatengamaa.