Jumapili ndiyo mtihani wa mgeni nchini Ufaransa

KWA kijana anayeondoka mtaa wa Free Area, kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Nairobi, ili kusoma au kufanya kazi nchini Ufaransa, ushauri mwingi anaopewa huhusu viza, karo na baridi. Mambo hayo yana uzito wake. Hata hivyo, siku zinazomwelemea mgeni huko si zile za darasani au kazini, ambazo zina ratiba na watu, bali ni Jumamosi na hasa Jumapili. Makala haya yanaeleza jinsi juma la Wafaransa linavyopangwa, na namna mgeni mwenye kipato kidogo anavyoweza kuitumia siku ya mapumziko bila kumaliza akiba wala kujifungia chumbani.

Juma la kazi

Tangu mwaka wa 2000, muda wa kazi uliowekwa na sheria nchini Ufaransa ni saa 35 kwa juma, na tangu 1982 mwajiriwa hupata majuma matano ya likizo yenye malipo kila mwaka. Mwanafunzi kutoka Kenya mwenye viza ya muda mrefu huruhusiwa kufanya kazi ya kulipwa kwa saa zisizozidi 964 kwa mwaka. Anayefika kwa viza ya aina hiyo inayotumika pia kama kibali cha kuishi hana budi kuithibitisha kwenye mtandao wa serikali katika miezi mitatu ya kwanza. Akichelewa, huenda ukaaji wake ukahesabiwa kuwa kinyume cha sheria, na hata safari ya wikendi katika nchi jirani ikamletea matata mpakani.

Siku ya milango iliyofungwa

Katika mitaa ya Nakuru, Jumapili huwa siku ya watu: ibada, wageni, mboga kando ya barabara, na maduka madogo yanayofunguliwa hadi usiku. Nchini Ufaransa mambo ni kinyume. Sheria ya mwaka wa 1906 iliifanya Jumapili kuwa siku ya mapumziko ya wafanyakazi na, ingawa imelegezwa mara kadhaa, desturi ingali hai. Maduka mengi hufungwa, na yale ya vyakula kwa kawaida huruhusiwa kuwaweka wafanyakazi hadi saa saba mchana tu. Katika miji midogo, mabasi hupungua au hayapo kabisa. Wenyeji hula chakula cha mchana na jamaa zao, mlo unaoweza kuchukua saa mbili au tatu, na si kawaida kumzuru mtu bila kumpa taarifa mapema.

Mgeni asiyeyajua haya huamka Jumapili bila mkate, bila usafiri na bila mtu wa kumsabahi. Majira ya baridi huzidisha upweke huo. Nakuru ikiwa karibu na ikweta, jua lake huchomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima. Jijini Paris, mwezi wa Desemba, jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kutua mnamo saa kumi na moja jioni. Mwezi wa Juni, kinyume chake, mwanga hudumu hadi karibu saa nne usiku. Ni vyema basi matembezi ya majira ya baridi yaanze asubuhi, na ununuzi wa chakula ukamilishwe Jumamosi.

Soko na mezani

Njia rahisi ya kuizoea nchi ni soko la wazi la mtaa, ambalo katika miji mingi hufanyika asubuhi za siku maalumu, mara nyingi Jumamosi au Jumapili. Neno la kwanza kwa muuzaji au dereva wa basi ni “bonjour”. Anayeanza kwa kuuliza bei kabla ya kusalimu huonekana hana adabu. Kwa anayetamani ugali, eneo la Château Rouge katika wilaya ya 18 ya Paris lina maduka mengi ya vyakula vya Kiafrika. Kwingineko, unga wa mahindi uliosagwa kwa chenga, unaouzwa kwa jina la polenta, husaidia.

Mjini Marseille kuna jamii kubwa ya watu wenye asili ya Visiwa vya Komoro, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiswahili, na mgeni kutoka Kenya atatambua maneno mengi sokoni. Jijini Paris, taasisi ya INALCO hufunza Kiswahili, na wanafunzi wake ni watu wa kutafutwa na yeyote anayetaka kubadilishana mazungumzo: Kiswahili kwa Kifaransa.

Matembezi ya gharama nafuu

Kutoka nje si lazima kuwe ghali. Vijana walio chini ya umri wa miaka 26 wanaoishi kihalali nchini humo huingia bure katika majumba ya makumbusho ya kitaifa, likiwemo Louvre, mradi waonyeshe viza ya muda mrefu au kibali cha kuishi. Musée d'Orsay halitozi kiingilio Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, na maonyesho ya kudumu ya Petit Palais hayana malipo wakati wowote. Wikendi ya tatu ya Septemba, utaratibu ulioanza mwaka wa 1984 huufungulia umma majengo mengi ya kihistoria, na tarehe 21 Juni muziki hupigwa barabarani kote nchini.

Mwenye kadi ya mwezi ya usafiri ya Navigo yenye kanda zote za eneo la Paris anaweza kufika Versailles au msitu wa Fontainebleau bila kuongeza nauli. Kwa safari ndefu, shirika la reli la SNCF lina kadi ya punguzo kwa walio na umri wa kati ya miaka 12 na 27, na tiketi zinazonunuliwa mapema huwa nafuu zaidi.

Bonde la Ufa la Ufaransa

Ziko safari mbili ambazo mtu wa Nakuru atazielewa kuliko wengi. Ya kwanza ni Camargue, nyanda za maji chumvi kusini mwa mji wa Arles, ambako maelfu ya flamingo huishi na kuzaliana. Hao ni wale wakubwa wenye rangi hafifu, tofauti na wale wadogo walioipa sifa Ziwa Nakuru.

Ya pili ni Puy de Dôme, volkano iliyolala karibu na Clermont-Ferrand, yenye kimo cha mita 1,465. Safu yake ya volkano pamoja na ufa wa Limagne, uliotokana na kupasuka kwa ardhi, iliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2018. Maziwa ya Nakuru, Elementaita na Bogoria yalikuwa yametangulia, mwaka wa 2011. Aliyewahi kusimama ukingoni mwa Menengai hatahitaji maelezo marefu kuhusu mandhari hayo, na huenda hapo akapata la kuwasimulia wenyeji.

Saa ya kupiga simu

Ufaransa iko nyuma ya Kenya kwa saa mbili majira ya baridi na saa moja majira ya joto. Saa hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Jamaa wanaotoka kanisani Free Area saa saba mchana watampata mwana wao saa tano au saa sita asubuhi, kabla ya sehemu ngumu zaidi ya siku yake. Mzazi aliyeuza kipande cha shamba ili mwanawe asafiri huuliza kwanza habari za masomo na pesa. Amwulize pia amekwenda wapi wikendi hiyo, na pamoja na nani. Akisikia kwa majuma mfululizo kwamba hakutoka, ajue kuna jambo la kufuatilia.