Pamba ya Bwana Moore

Katika duka langu la pembejeo, pakiti za bakteria wa soya hukaa kwenye rafu isiyopigwa jua. Wateja hudhani nazificha.

Biashara hii ya kuuza bakteria ina asili yake Ujerumani. Mwaka 1888 wanasayansi Hellriegel na Wilfarth walithibitisha kwamba mikunde, kama soya, hupata naitrojeni ya hewani kupitia vinundu vya mizizi vyenye bakteria. Miaka michache baadaye wenzao Nobbe na Hiltner wakatoa Nitragin, bakteria hao waliooteshwa kwenye chupa. Huko Marekani, George T. Moore wa Wizara ya Kilimo akaona njia nyepesi: chovya pamba kwenye maji yenye bakteria, ianike ikauke, itume kwa posta. Magazeti yakashangilia. Kumbe kule kukaushwa ndiko kulikowaua! Pakiti nyingi zilipopimwa, walio hai walikuwa haba mno.

Baadaye udongo mweusi wa kinamasi, uliosagwa, ukashika nafasi ya pamba kwa kuwa hutunza unyevu. Biofix, pakiti za bakteria za Chuo Kikuu cha Nairobi, ikatumia matope yanayobaki viwandani baada ya kuchuja maji ya miwa. Taka, ndiyo, lakini mimi naisifu akili hiyo kuliko ya Moore. Mteja akinunua, namwambia achanganye na mbegu kivulini na apande siku hiyohiyo.