Telefone imeachwa na kampuni yake: je, muteja ashitaki?

Kuna telefone yenye haijavunjika. Batri iko muzuri, kioo iko safi, lakini asubui moja WhatsApp inakataa kufunguka. Inaandika tu kama telefone hiyo ni ya zamani sana. Katika Masisi na Walikale hilo si jambo dogo: habari za barabara, za usalama na za jamaa wenye walikimbia vita, nyingi zinapitia kwenye magrupe ya WhatsApp. Mwenye alitosha dola mia moja kwa kununua telefone ile anajiuliza: nani atanirudishia feza yangu? Na je, naweza kushitaki?

Jibu la mufupi: muuzaji, wakati mwingine ndiyo. Mutengenezaji mwenye yuko mbali, mara nyingi hapana.

«Kuachwa» maana yake nini

Ndani ya kila smartphone kuna programu kubwa yenye kuongoza zingine zote: Android, ao iOS kwa iPhone. Mutengenezaji anatuma masasisho, kile wauzaji wanaita mise à jour, kwa kuongeza vitu vipya na kuziba matundu yenye wezi wanaweza kupitia. Kisha miaka fulani anaacha kutuma. Telefone haifi siku ile. Inaendelea kupiga na kupokea, lakini polepole programu zingine zinaikataa.

Ndivyo ilikuwa tarehe 1/1/2025, wakati WhatsApp iliacha kutumika kwenye Android 4.4 na zote za chini yake. Tarehe 5/5/2025 ikawa zamu ya iPhone zenye haziwezi kufika iOS 15.1, kama vile iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Kwa ordinateri, Microsoft iliacha kusaidia Windows 10 tarehe 14/10/2025.

Kwetu shida inazidi sababu ya okazo. Muda wa masasisho hauhesabiwe tangu siku wewe ulinunua telefone. Unahesabiwa tangu kampuni ilitosha aina ile kwenye soko, ao tangu iliacha kuiuza. Telefone yenye ilitumikiwa Ulaya miaka mitano mbele ya kufika Goma, kisha ikapanda Masisi ao Walikale, inaweza kufika ikibakiza muda kidogo sana, hata kama inangaa kama ya mupya.

Wengine walishitaki. Walipata nini?

Uholanzi, shirika la kutetea wateja, Consumentenbond, lilipeleka Samsung mbele ya tribinali sababu haikutuma masasisho ya Android kwa muda wa kutosha. Tarehe 30/5/2018, tribinali ya The Hague ilikataa maombi yao. Shirika lile liko kubwa, liko na feza na maavoka, na bado lilishindwa.

Marekani, mambo yalikuwa tofauti kidogo. Katika 2010, Sony ilituma sasisho lenye lilitosha kwenye PlayStation 3 uwezo wa kuweka programu ya Linux, na uwezo ule kampuni yenyewe ilikuwa imeutangaza wakati wa kuuza. Wateja walishitaki pamoja. Kesi ilifika mwisho katika 2018, kwa mapatano: kila muteja angeweza kupata mpaka dola 65, si zaidi. Miaka minane, kwa feza yenye haipite dola 65.

Kesi hizo mbili zinafundisha jambo moja. Kuacha kuongeza kitu, kwa judge, ni vigumu kuita kosa. Kutosha kitu chenye uliahidi na muteja akalipia, hapo kuna kesi.

Kwa upande mwingine, sheria zilileta matunda kuliko tribinali. Tangu tarehe 29/4/2024, Uingereza inalazimisha kampuni kusema wazi masasisho ya usalama yatafika mpaka wakati gani. Tangu tarehe 20/6/2025, Umoja wa Ulaya unaomba telefone mupya zipate masasisho angalau miaka mitano kisha aina ile kuacha kuuzwa.

Huku Congo, haki ya muteja iko wapi?

Code civil, kitabu cha tatu, inasema kwenye kifungu cha 33 kama mapatano yenye yalifanywa kisheria ni sheria kwa wale wenye waliyafanya. Kifungu cha 258 kinaomba mwenye aliumiza mwenzake kwa kosa lake atengeneze. Tena muuzaji anajibu juu ya kasoro yenye ilifichika wakati wa kuuza, kama inafanya kitu kisitumike kwa kazi yake. Lakini muteja anapashwa kulalamika haraka, asikae miezi na miezi.

Basi tuangalie watu wawili. Wa kwanza alinunua telefone wiki tatu zilizopita. Muuzaji alimwambia mbele ya watu: «Iko ya mupya, WhatsApp inatumika bila shida.» Leo imekataa. Huyo iko na kesi, zaidi kama iko na risiti. Wa pili alinunua yake katika 2016, akaitumia miaka tisa. Huyo ni vigumu judge amusikie.

Tribunal de paix inasikiliza madai yenye hayapite franka 2.500.000, kwa hiyo telefone nyingi zinaingia mule. Lakini mbele ya tribinali kuna muuzaji mwenyewe, kisha wazee wa mutaa, kisha chama cha wafanya biashara. Kwa telefone ya dola 80, mapatano ya nusu bei leo yanaweza kuwa bora kuliko hukumu ya mwaka kesho. Na tangu vita kuingia Masisi-centre na Goma mwezi wa kwanza 2025, kwa wengi hata kufika mbele ya judge imekuwa shida.

Kushitaki mutengenezaji ni safari ingine. Mara nyingi anapashwa kufuatwa katika inchi yake. Hata Serikali ya Congo, wakati ililalamikia Apple juu ya madini ya mashariki mwezi wa 12/2024, ilipitia maavoka Paris na Brussels; Apple ilikanusha. Muteja mumoja wa Nyabiondo hana njia hiyo.

Sauti ya wengi: mufano wa RAM

Wacongomani wanakumbuka RAM, ile feza yenye ilikuwa inakatwa kwenye unite tangu 2020, mpaka dola 7 kwa mwaka kwa smartphone. Watu walilalamika, LUCHA na vikundi vingine walishuka barabarani, mubunge Claude Misare aliuliza maswali bungeni. Mwanzo wa mwezi wa tatu 2022 ikaondolewa. Kuomba sheria yenye italazimisha waingizaji wa telefone kuonyesha tarehe ya mwisho ya masasisho ni kazi ya namna hiyo: ya wengi pamoja, si ya mutu mumoja na avoka wake.

Mbele ya kutosha feza

- Fungua Paramètres, kisha À propos du téléphone. Angalia namba ya Android na tarehe ya mise à jour de sécurité. Kama tarehe ile ina miaka mitatu ao zaidi, telefone hiyo pengine imeachwa.
- Fungua WhatsApp palepale, mbele ya muuzaji.
- Piga *#06# upate namba ya IMEI. Omba risiti yenye kuandikwa IMEI, bei, tarehe, na maneno «WhatsApp inatumika». Ile karatasi ndiyo ushuhuda wako.
- Kama telefone yako imekaribia kuachwa, hifazi mazungumzo kwenye akaunti ya Google mapema, na picha kwenye kadi ya memori.
- Usikubali WhatsApp ya kuchongwa yenye mutu anakuwekea kupitia Bluetooth. Inaweza kuiba mazungumzo yako.
- Usitupe telefone ya zamani. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinatumika kwa kupiga namba fupi, hata kwenye telefone ndogo ya kibonyezo.