Ushahidi wa Nyota Isiyorudi

Imekuwa ada ya waandikao tarikhi ya elimu ya falaki kuitukuza nyota yenye mkia ya Halley kuliko wenziwe wote, kwa hoja kwamba ilipoonekana tena mwishoni mwa mwaka 1758, kama ilivyobashiriwa, kanuni ya mvuto ya Newton ilipata shahidi asiyekanushika. Siipunguzii hadhi, ila nadai kwamba nyota nyingine, ambayo haikurudi kuonekana abadani, ilitoa ushahidi mzito zaidi.

Nyota hiyo iligunduliwa na Charles Messier mwezi Juni 1770, na ilipofika tarehe 1 Julai ikaipitia dunia kwa umbali wa kilomita milioni mbili na ushei, yaani kama mara sita ya umbali wa mwezi, hata ukungu wake ukaonekana mpana kuushinda mwezi mpevu mara nne. Anders Johan Lexell, mwanahisabati wa St Petersburg, alipoipigia hesabu akaona kuwa hulizunguka jua kwa miaka mitano na nusu hivi. Na hapo ndipo ulipozuka mushkeli, kwani nyota ijayo mara kwa mara namna hiyo ilikuwaje isijulikane kabla? Jawabu lake ni kwamba mwaka 1767 ilipita jirani na Mushtarii, sayari iliyo kubwa kupita zote, ambayo kwa mvuto wake iliipinda njia ikatuletea. Mwaka 1776 ikarudi upande tusioweza kuiona kwa sababu ya jua. Na 1779 Mushtarii yule yule akaitupa mbali.

Msomaji mkaidi atasema kwamba udhuru wa asiyekuwapo hauna gharama. Naam, lakini udhuru huu ulitolewa kwa tarakimu, na kanuni ile ile iliyomrudisha Halley ndiyo iliyomfukuza huyu. Na mtu aliyeona marejeo peke yake angaliweza kudhani kwamba mbingu zina mazoea tu.

Mwaka 1773 watu wa Paris walitaharuki kwa uvumi uliozushwa juu ya risala ya mwanafalaki Lalande, wakidhani nyota yenye mkia itaigonga dunia. Ama kwa uzito wa nyota za namna hiyo, mwanahisabati Laplace baadaye aliipima ile ya 1770: lau uzito wake ungalilingana na wa dunia, mwaka wetu ungalirefuka kwa karibu saa tatu, na kwa kuwa mwaka haukubadilika, alihukumu kwamba haufiki sehemu moja ya elfu tano. Dunia, kinyume chake, iliufupisha mzunguko wa nyota hiyo kwa siku mbili na kidogo. Aliyetikiswa, basi, alikuwa mpita njia.

Katika karne ya 19 mwanafalaki Le Verrier aliifufua mas'ala hiyo, akabainisha kwamba vipimo vya 1770 havikuwa na usahihi wa kutosha kuihukumia nyota njia moja baada ya 1779. Akatoa jamii nzima ya njia, baadhi yake zikiitoa kabisa katika himaya ya jua.