Kigwe cha sare ya kijeshi

Kigwe cha sare ni kamba ya mapambo iliyosukwa, inayovaliwa begani na kuning'inia kifuani au kupita kwapani. Kikipatikana peke yake, bila koti lake, hutambuliwa kwa rangi, nyuzi na usukaji.

Rangi husema mengi, hasa kwa vigwe vya Ufaransa viitwavyo fourragère, vilivyoanza kutolewa mwaka 1916 kwa vikosi vizima vilivyotajwa kwa ushujaa. Kijani chenye madoa mekundu ni cha nishani ya Croix de guerre, kwa kikosi kilichotajwa mara 2 au 3. Njano na kijani ni cha Médaille militaire, mara 4 au 5. Chekundu ni cha Légion d'honneur, kuanzia mara 6. Huvaliwa bega la kushoto na huishia kwa ncha ya chuma. Hata hivyo rangi haitaji jeshi: regimenti za 5 na 6 za Marine Corps ya Marekani nazo huvaa kigwe cha Croix de guerre.

Uzi ni shahidi asiyehongeka kirahisi. Kijinyuzi cha sufu au hariri kikiunguzwa hunuka nywele zilizoungua. Cha pamba hunuka karatasi. Cha nailoni huyeyuka na kuganda kama tone, na nailoni haikuwapo sokoni kabla ya 1938. Nyuzi zilizozungushiwa fedha huwa nyeusi kwa uzee, za shaba huota kutu ya kijani. Weupe unaong'aa samawati chini ya taa ya urujuanimno huashiria kemikali za kisasa, ingawa hata sabuni ya kufulia yaweza kuziacha kwenye kigwe cha kale.