Dawa Hutuliza Sauti, Kumbukumbu Nayo Je?

Oktoba 2021 wanawake wanne watu wazima waliuawa Marani, kaunti ya Kisii, wakituhumiwa uchawi. Mwaka 2008 watu 11 walichomwa moto eneo hilo la Kisii kwa tuhuma kama hizo. Sisi wa Pwani tusijitie kushangaa, wazee wetu wa Kilifi nao wanayahama makwao kwa hofu iyo hiyo.

Nalitaja hili kwa sababu kijana akianza kusikia sauti zisizokuwapo, au kunena maneno yasiyoshikana, wengi hutafuta mchawi kwanza. Hospitali huja baadaye. Maradhi hayo huenda ni skizofrenia, na yana dawa.

Lakini dawa ina mpaka wake. Hupunguza zile sauti na dhana za kuandamwa. Umakini, kumbukumbu na uwezo wa kupanga mambo mara nyingi hubaki dhaifu. Mchongaji wa Tabaka anakata jiwe, analichonga, halafu hajui hatua inayofuata ni kulisugua au kulipaka rangi. Nyumbani wanasema ni mvivu. Hapa ndipo familia nyingi hukata tamaa, na mimi naona ndipo msaada unapohitajika zaidi.

Yako mazoezi ya akili yaliyotungwa kwa ajili ya hali hii. Mgonjwa hupewa kazi ndogo, tuseme kukumbuka vitu vitano vya kununua sokoni, kisha vinane, kisha kwa mpangilio. Mwelekezi humuuliza: umevikumbukaje? Pamoja hutafuta mbinu, kama kuvipanga mafungu, kuvitaja kwa sauti au kuviandika. Hurudiwa kwa wiki nyingi.

Mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Antonio Vita wa Italia walijumlisha majaribio 130. Faida ilikuwapo, ya kadiri, si muujiza. Ilizidi palipokuwa na mwelekezi aliyefunzwa, na mazoezi yakiunganishwa na maandalizi ya kurudi kwenye maisha na kazi. Waliosoma miaka michache ndio walionufaika zaidi, jambo ambalo watu wa vijijini wafaa kulisikia.

Kwa hiyo nikiulizwa, Kisii na Nyamira wasisubiri tarakilishi. Karatasi, kalamu na muuguzi anayesema Ekegusii vyatosha kuanzia, ilimradi afunzwe, na mazoezi yamfikishe mgonjwa kwenye shamba la chai au duka lake. Dawa zisiachwe hata siku moja bila daktari kusema.