Shitaka halali la Freddie Mercury

Mtaje Freddie Mercury kijiweni Korogwe au Handeni uone. Mmoja atasema ni Mzanzibari aliyevuma Ulaya, mwingine atadakia habari za wanaume, na hapo hukumu imeshatoka. Kwa maoni yangu tumemshitaki kwa lisilotuhusu, na linalotuhusu tumelifumbia macho.

Freddie, jina lake halisi Farrokh Bulsara, alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, 5 Septemba 1946, katika familia ya Kiparsi. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia wa serikali ya Waingereza. Mtoto alisomeshwa shule ya bweni Panchgani, India, akarudi Unguja, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Feltham, pembeni mwa London. Mwaka 1970 akaungana na Brian May na Roger Taylor kuunda bendi ya Queen. Aliwapenda wanawake na wanaume. Alianza na Mary Austin, akamalizia maisha yake na Jim Hutton. UKIMWI ulimuua 24 Novemba 1991, siku moja tu baada ya kutangaza kwamba anaugua.

Huko kwao mambo yamekuwa vuta nikuvute. Mwaka 2004 Zanzibar ilipitisha sheria kali dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Mwaka 2006 ilipangwa sherehe ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe. Kikundi cha Kiislamu cha Uamsho kikaja juu, ikafutwa. Mwaka 2019 likafunguliwa jumba la makumbusho yake Shangani, na watalii wanalipa kiingilio. Mtu tunamkana, fedha zake tunazipokea.

Sasa njoo kwenye Oktoba 1984. Queen walikwenda kupiga muziki Sun City, hoteli ya kamari iliyofunguliwa 1979 huko Bophuthatswana, "nchi" iliyobuniwa na Makaburu na ambayo hakuna taifa jingine duniani lililoitambua. Tangu 1968 Umoja wa Mataifa ulikuwa umeshataka uhusiano wa kitamaduni na Afrika Kusini usitishwe. Sauti ya Freddie ilimkatikia, baadhi ya maonyesho yakafutwa, lakini mengine yalipigwa. Utetezi wao ulikuwa kwamba wao si wanasiasa na kwamba ukumbini weusi na weupe walikaa pamoja.

Utetezi huo ni mwepesi, hasa ukiusomea upande wetu. Toka Segera, pita Mkata, fika Chalinze, kunja kulia hadi Morogoro: hapo ndipo Mazimbu. Lilikuwa shamba la mkonge lililoachwa, la aina wanayoijua sana watu wa Korogwe. Serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa ANC, nao wakajenga shule ya vijana waliokimbia baada ya risasi za Soweto, 1976. Wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 1979. Wiki ile Queen wanapanda jukwaani Sun City, watoto wa wakimbizi walikuwa madarasani Mazimbu, kwenye ardhi ya nchi alikozaliwa mwimbaji. Na Mwalimu Nyerere ni mmoja wa waliohutubia mkutano wa London wa 26 Juni 1959 ulioanzisha kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini. Mzaliwa wa Unguja hakuwa na kisingizio cha kutojua.

Sisemi nyimbo zake zifungiwe. Hata mimi husimama "We Are the Champions" inapopigwa, na Live Aid ya Julai 1985 pale Wembley haijapata mfano. Lakini hata wakati ule Sun City haikupita bure: chama cha wanamuziki wa Uingereza kiliwatoza Queen faini, na Umoja wa Mataifa ukawaingiza katika orodha ya wasanii waliovunja mgomo huo wa kitamaduni.

May na Taylor walipanda jukwaani Cape Town 29 Novemba 2003, kwenye tamasha la Mandela la kupambana na UKIMWI. Freddie alikuwa amefariki miaka 12 nyuma, kwa ugonjwa huohuo. Kwa hiyo wenzake walipata nafasi ya kurekebisha; yeye shitaka lake la Sun City bado liko wazi, na ndilo pekee ninaloliona halali.